Namna ya Kuandika Wasifu wa Fundi Mwashi Aliyependa Mlima na Mto

Katika misiba mingi ya Tanzania, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na yule kijana wa ukoo anayejulikana kuwa na mwandiko mzuri, huku wanandugu waliomzunguka wakitajiana tarehe na kubishana juu ya mwaka wa ndoa. Wasifu unaopatikana kwa njia hiyo hufanana na wa jirani: marehemu alizaliwa, akapata elimu ya msingi, akafunga ndoa, akaugua, akafariki, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mwalimu au karani huokolewa na barua zake za ajira, kwa kuwa zinaonyesha alikopangiwa kazi, lini alipandishwa cheo na lini alistaafu. Fundi mwashi hana barua hizo, na hivyo miaka yake thelathini au arobaini ya kazi huwekwa katika sentensi moja tu, kwamba "alijishughulisha na kazi za ujenzi". Kama alikuwa pia mtu wa kupanda mlima na kuvua samaki siku za mapumziko, jambo hilo huachwa kabisa, kwa sababu halionekani kuwa na uzito wa kusomwa mbele ya padri au shehe.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watoto, wajane na ndugu wanaotaka kuiondoa sentensi hiyo na kuweka mahali pake maisha yenyewe. Mifano yake mingi inatoka Morogoro, mji uliolala chini ya Milima ya Uluguru, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali za kuchoma na ambako mtu anayeshinda juani saitini wiki nzima anaweza kuamka Jumapili akawa msituni kabla jua halijawa kali. Msomaji wa Mbeya, Moshi au Lushoto ataweka majina ya milima na mito ya kwao. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu ya fundi haikai kabatini nyumbani kwake. Imo katika majengo, katika njia alizozipita na katika vichwa vya watu aliofanya nao kazi, na familia inayotaka kuipata ni lazima iifuate huko mapema, kabla watu hawajatawanyika.

Kukusanya habari wakati watu wangali msibani

Siku za msiba ndizo siku pekee ambazo watu wote waliomjua marehemu hukutana mahali pamoja, na hawatakutana tena kwa wingi huo. Kwa familia za Kikristo zinazosubiri ndugu kutoka mbali, mara nyingi kuna siku mbili au tatu za kufanya kazi hii kwa utulivu. Kwa Waislamu, ambao huzika haraka na mara nyingi siku hiyo hiyo, haitakuwa busara kumkimbiza mtu na daftari wakati maiti haijastiriwa. Ni afadhali kuorodhesha majina na namba za simu za waliofika, kisha kukusanya habari taratibu kuelekea siku ya arobaini, ambapo maelezo kamili yanaweza kusomwa nyumbani baada ya hitma.

Teua watu wawili. Mmoja awe wa kuuliza, naye afae kuwa mtu anayesalimia vizuri na asiye na haraka, kwa kuwa wazee hawasemi kitu cha maana na kijana aliyewaruka bila shikamoo. Wa pili awe wa kuandika, au wa kurekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa. Mjane asipewe kazi hii, na asiulizwe kwanza. Aulizwe mwisho, tena kwa kusomewa yale yaliyokwisha kusanywa, ili arekebishe na kuongeza kwa kadiri atakavyoweza.

Wanandugu wanafahamika, na watasema bila kutafutwa. Wanaosahaulika ni watu wa kazini. Mtafute fundi aliyeshirikiana naye kwa muda mrefu kuliko wengine, kisha watafute vijana waliokuwa saidia fundi wake, hata kama sasa wanaendesha bodaboda. Mtafute mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemkopesha saruji, kwa kuwa mtu huyo anajua kama marehemu alilipa kwa wakati na kama aliwahi kumrudishia mwenye nyumba mifuko iliyobaki. Mtafute mama lishe aliyekuwa akiwapikia mafundi, ambaye kwa kawaida amekaa mwisho kabisa wa mkeka na hakuna anayedhani ana la kusema. Yeye amemwona marehemu kila siku ya kazi akiwa amechoka, akiwa na fedha na akiwa hana, na ushahidi wake una thamani kuliko wa binamu aliyekuja mara moja kwa miaka mitano.

Wako pia watani. Katika jamii zetu nyingi mtani anaruhusiwa msibani kufanya yale ambayo ndugu hawathubutu: atavaa kofia ya marehemu, ataiga mwendo wake, atadai kwa sauti deni la mwaka juzi, na waombolezaji watacheka katikati ya machozi. Mwandishi wa wasifu asiwapuuze kwa kudhani ni mchezo mtupu. Mtani anayeiga jinsi marehemu alivyokuwa akifumba jicho moja kuutazama ukuta amekupa jambo ambalo vyeti vyote vya nyumbani havina. Liandike pale pale.

Maswali nayo yana namna yake. Ukimwuliza mtu marehemu alikuwa wa namna gani, atakujibu kwamba alikuwa mtu wa watu, mcheshi na mpenda maendeleo, maneno ambayo husemwa kwa kila marehemu na hayamwelezi yeyote. Uliza mambo yaliyotokea. Kazi ya mwisho mliyofanya pamoja ilikuwa ipi? Akifika saitini asubuhi alianza na nini? Ni kazi gani aliikataa, na kwa nini? Alimfukuza nani, na je, alimrudisha? Aliwahi kubomoa ukuta aliokwisha kuujenga? Swali hili la mwisho hutoa majibu mazuri sana, kwa kuwa karibu kila fundi mwenye heshima ana ukuta mmoja aliouangusha mwenyewe, na wenzake wanaukumbuka.

Tarehe na nyaraka

Kusanya vitambulisho, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, cheti cha ufundi kutoka VETA kama alifanya majaribio ya ufundi, kadi ya NSSF kama aliwahi kuajiriwa na kampuni, na picha zote zenye maandishi nyuma. Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho usichukuliwe kuwa hakika kwa mtu aliyezaliwa kijijini miaka ya nyuma, kwani wengi walikadiriwa wakati wa kuandikishwa.

Tarehe zisipopatikana, tumia matukio ambayo kila mtu anayakumbuka. Wazee wataweza kukuambia kama marehemu alikuwa amezaliwa wakati wa Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, kama alikuwa mwanafunzi wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kama alikuwa ameoa ilipozama MV Bukoba mwezi Mei 1996, kama nyumba yake ya kwanza ilisimama kabla au baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na alikuwa saiti gani siku ilipotangazwa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki, tarehe 14 Oktoba 1999. Mafundi hukumbuka hasa kwa majengo. Mtu wa Morogoro atakwambia walifahamiana wakati wa ujenzi wa viwanda vya miaka ya 1970 na 1980, au Chuo Kikuu cha Sokoine kilipokuwa kikipanuka baada ya kuanzishwa mwaka 1984, au walipoajiriwa kwenye reli ya kisasa ya kutoka Dar es Salaam, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017. Panga matukio hayo kwa mfuatano kwanza. Miaka itajileta yenyewe, na pale isipojileta andika "mwanzoni mwa miaka ya 1990" bila aibu.

Kazi yake ielezwe kama kazi

Hapa ndipo penye kiini cha wasifu wa fundi, na ndipo ninapoomba familia isiwe na haraka. Tengeneza orodha ya majengo aliyoyafanyia kazi, ukianza na yale yaliyo karibu na nyumbani, kisha chukua nusu siku uyazungukie ukiwa na fundi mwenzake. Ukisimama mbele ya jengo, fundi huyo atakumbuka mambo ambayo asingeyakumbuka akiwa amekaa kwenye mkeka: kwamba msingi huu ulichimbwa mara mbili kwa sababu ya mfinyanzi, kwamba ngazi hii mwenye nyumba aliibadilisha ikiwa imekwisha fungwa nondo, kwamba dirisha lile lilihamishwa kwa sababu ya mwembe ambao marehemu alikataa kuukata.

Uliza hasa yeye alifanya nini. Nyumba moja hupitia mikono mingi: kuna aliyechimba na kujenga msingi, aliyemwaga jamvi (zege la sakafu), aliyepandisha kuta, aliyesuka nondo na kufunga lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), aliyepaua, aliyepiga plasta na aliyeweka vigae, na mara nyingi watu hao ni tofauti. Ukisoma mbele ya watu kwamba marehemu alijenga shule fulani wakati alipandisha kuta za madarasa mawili tu, mafundi wenzake waliopo watajua, na kuanzia hapo hawataamini mengine. Kinyume chake, ukisema kwamba alipandisha kuta za madarasa mawili, na kwamba kuta hizo hazina ufa, watatikisa vichwa kukubali. Kwa majengo makubwa ya kampuni au ya serikali, andika kwamba alishiriki, taja kazi aliyopewa, na taja kwa takriban muda aliokaa.

Inafaa kuweka maisha yake ndani ya historia ya nchi pale ambapo kweli aliishiriki. Mafundi wengi wa mitaani walijenga madarasa wakati wa mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, na tena wakati wa mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, ambapo shule za kata zilijengwa kwa wingi, wananchi wakichangia mchanga, mawe, tofali na nguvu zao. Mtoto aliyesoma kidato cha kwanza katika darasa ambalo baba yake alilijenga anastahili kulisikia jambo hilo likitajwa kwa mwaka wake, na kata yote inastahili kukumbushwa kwamba sekondari ile ilijengwa na watu wanaowafahamu.

Zaidi ya orodha ya majengo, tafuta desturi zake za kazi, kwa kuwa tabia ya fundi inaonekana pale ambapo hakuna anayemsimamia. Tofali la kuchoma likijengewa likiwa kavu hunyonya maji ya saruji na kuufanya muungano uwe dhaifu. Je, marehemu alikuwa akizilowesha tofali zake kabla ya kujenga, hata pale ambapo maji yalinunuliwa kwa madumu? Zege la lenta linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku saba hivi ili likomae bila kupasuka; je, alirudi jioni kulimwagilia, au alimwachia mwenye nyumba? Alitumia timazi kwenye kila kona, au aliamini jicho lake? Mwenye nyumba akimwomba apunguze saruji ili fedha itoshe, alijibu nini? Majibu ya maswali haya yanamweleza marehemu kuliko sifa kumi za jumla, na yana faida nyingine: mtu yeyote anaweza kwenda kuthibitisha kwa kuutazama ukuta.

Usiogope majina ya vifaa. Mwiko, timazi, pima maji, karai na mirunda ni maneno ya maisha yake, na wajukuu watakaousoma wasifu huo baadaye watajifunza kutoka humo. Familia nyingine huhifadhi mwiko wa marehemu. Andika umebaki kwa nani.

Kama marehemu alifariki kwa ajali ya saitini, wasifu useme hivyo kwa maneno machache yaliyo wazi, bila kulaumu mtu na bila kuficha. Kabla ya kuyasoma hadharani, hakikisha maelezo hayo hayapingani na yale ambayo familia imeyatoa polisi au itayapeleka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa kuwa jambo lililosomwa mbele ya watu mia linaweza kurudishwa baadaye kama ushahidi. Kama aliugua kwa miaka, mgongo au kifua, mahusiano ya ugonjwa huo na kazi yasitajwe kama hakika isipokuwa daktari ameyasema.

Mlima, mto na msitu

Sentensi inayosema kwamba marehemu "alipenda mazingira" ni ndugu ya ile ya kazi za ujenzi, nayo iondolewe. Mtu hapendi mazingira kwa jumla. Anapenda njia fulani, bwawa fulani, saa fulani ya asubuhi. Andika jina la njia. Kwa fundi wa Morogoro pengine ilikuwa ile inayopanda kutoka mjini kupitia Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, au alikuwa akiutazama Lupanga kila asubuhi kujua kama mvua itamruhusu kumwaga zege. Pengine alizaliwa upande wa Mgeta, kwenye mashamba ya mboga yaliyoshikilia mteremko, akawa anarudi huko kila alipomaliza kazi kubwa. Pengine alivua Bwawa la Mindu, au alikaa kando ya Ngerengere bila kupata kitu na kurudi nyumbani akiwa ameridhika.

Uliza alikwenda na nani, kwa kuwa mtu wa aina hii mara nyingi ana rafiki mmoja wa porini ambaye familia haimjui vizuri, na huyo ndiye mwenye hadithi. Uliza alibeba nini: ndoana na mshipi, mkebe wa minyoo, panga, redio, mkate. Uliza alirudi na nini, maana kama alileta perege, uyoga au asali, jikoni wanakumbuka. Uliza pia alijua nini. Wako mafundi waliojua majina ya miti yote ya msitu wa juu kwa Kiluguru na matumizi yake, na walioweza kumtambua kwa sauti ndege asiyepatikana popote duniani ila Uluguru, ingawa hawakuwahi kuambiwa kwamba ndege huyo ni wa pekee. Maarifa hayo yakiandikwa hata nusu ukurasa, familia imehifadhi kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kukiandika.

Inafaa mwandishi aeleze kwa kifupi mahali penyewe, kwa ajili ya wajukuu walio mbali. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na vijito vinavyoteremka kutoka humo huingia Mto Ruvu, unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Mjukuu anayefungua bomba Kinondoni ana sababu ya kujua kwamba babu yake alikuwa akinywa maji hayo kwa viganja kule yanakoanzia.

Kuna jambo la kupima kwa makini. Baadhi ya watu wa porini waliwinda au kukata mbao bila kibali, na wenzao husimulia hayo msibani kwa fahari. Simulizi hizo zinaweza kubaki katika kumbukumbu za familia, lakini zisiingie katika maandishi yanayosomwa hadharani, hasa kama kuna washiriki walio hai ambao hawajaulizwa.

Baba, mume, mjomba

Kabla ya kuandika aya ya familia, kaa na wazee wa pande zote mbili wakupe mfuatano wa majina. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na wasifu unaoanza na baba na babu bila kutaja ukoo wa mama na wajomba utaonekana umeandikwa na mgeni. Kwingine desturi ni nyingine. Wake wote watajwe, watoto wote watajwe kwa majina, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa kama marehemu aliwatambua, na waliotangulia mbele ya haki wasisahauliwe. Jambo hili liamuliwe na kikao cha familia wala si mwandishi, na liamuliwe kabla ya karatasi kuchapwa, kwa kuwa mtoto aliyerukwa katika wasifu wa baba yake hulibeba jambo hilo maisha yake yote.

Ukweli mmoja wa maisha ya fundi ni kutokuwepo. Kazi humpeleka Dodoma miezi minne, Ifakara miwili, naye hurudi akiwa na fedha au hana. Nashauri jambo hilo lisemwe, kwa sababu watoto wanalijua na kulificha kunaufanya wasifu uwe wa mtu mwingine. Liseme pamoja na alichofanya kupunguza umbali huo: alipiga simu kila jioni saa mbili, alituma fedha ya ada kabla ya kujinunulia viatu, alirudi kwa ajili ya kipaimara cha binti yake kisha akasafiri usiku huo huo kurudi kazini. Iseme pia nyumba yake mwenyewe ilijengwaje, kwa kuwa mafundi wengi hujenga ya kwao chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi, kwa masalio ya muda na ya fedha, na kila chumba kina mwaka wake na mtoto aliyezaliwa ndani yake.

Kuhusu ulevi, ugomvi na makosa mengine, sina kanuni inayofaa kila nyumba. Ninachoweza kusema ni kwamba kunyamaza ni bora kuliko kusifu kinyume cha ukweli. Kama hakuwa mpole, usimwite mpole. Sema alikuwa mkali na taja alichokuwa mkali nacho.

Mfano

Aya ifuatayo ni ya kubuni, nami nimeiweka ili kuonyesha kiwango cha undani ninachokikusudia.

"Baba yetu alianza kazi mwaka 1986, baada ya kumaliza darasa la saba, akiwa saidia fundi wa mjomba wake. Kwa miaka mitatu alibeba maji na kuchanganya saruji, na mjomba hakumruhusu kuweka tofali kwenye kona, kwa kuwa kona ndiyo inayouongoza ukuta. Kona yake ya kwanza ilikuwa ya jiko la bibi, ambalo bado linapikiwa. Mwaka 2006 alipandisha kuta za madarasa mawili ya sekondari ya kata yetu akiwa na vijana watano, na wawili kati yao wamebeba jeneza lake leo. Kila alipofunga lenta alirudi jioni kuimwagilia maji kwa siku saba, kwa baiskeli, hata saiti ilipokuwa mbali. Jumapili baada ya ibada alichukua ndoana na mkebe wa minyoo, akatupeleka Mindu. Alitufundisha kukaa kimya, kumtofautisha perege na kambale kwa jinsi anavyouvuta mshipi, na kumrudisha majini samaki mdogo. Hakupenda kupigiwa simu akiwa mlimani, na mama alijua kwamba akichelewa kushuka, tusihangaike mpaka saa moja."

Kila sentensi ya aya hiyo ina shahidi aliyekaa msibani, nayo haina neno hata moja la kumsifu moja kwa moja. Waliohudhuria watamsifu wenyewe mioyoni mwao.

Kusoma na kuhifadhi

Wasifu wa kusomwa kanisani au nyumbani usizidi maneno mia sita, ambayo kwa usomaji wa taratibu huchukua dakika tano hadi sita. Yaliyobaki yawekwe katika maandishi marefu ya familia, yatakayokamilishwa kufikia arobaini au siku ya kujengea kaburi, kazi ambayo kwa marehemu wa aina hii hufanywa na mafundi wenzake, nao wakiwa hapo watakumbuka mengine. Msomaji achaguliwe kwa sauti na uthabiti wake. Mtoto wa marehemu asilazimishwe, na awepo wa pili aliyekwisha kuyapitia maandishi ili aendelee endapo wa kwanza atashindwa. Asome kwa sauti mara moja kabla, mbele ya mtu wa ukoo anayeyajua matamshi ya majina.

Baada ya wasifu, kwa desturi hutangazwa madeni. Kwa fundi jambo hili lina pande mbili, na familia ijiandae nalo. Huenda alipokea malipo ya awali kwa kazi ambayo hakuianza au hakuimaliza, na huenda wako wenye nyumba wanaodaiwa naye fedha ya plasta tangu mwaka jana. Lipitie daftari lake na ujumbe wa simu yake, uulize wenzake, na umtaje hadharani mtu mmoja wa familia atakayewasikiliza wote. Waislamu wanajua uzito wa deni la marehemu, lakini hata kwa wasio Waislamu jina la fundi limejengwa juu ya uaminifu, na kazi iliyoachwa nusu inaweza kumalizwa na mwenzake kwa makubaliano.

Chapa nakala za kutosha, moja ikae kwa mjane, moja kwa kila mtoto, moja kwa wajomba, moja kwa fundi mwenzake wa karibu. Andika mwishoni majina ya walioandika na waliotoa habari, pamoja na tarehe, na uache ukurasa mtupu kwa ajili ya masahihisho, kwa kuwa yatakuja. Picha za majengo mlizopiga mlipoyazungukia ziandikwe nyuma jina la mahali, mwaka na sehemu ya kazi aliyoifanya, kisha zifungwe pamoja na nakala ya mjane.